Mwaka Nilipokuwa Masikio ya Fundi Mshamu

Kaa karibu, maana hili sitalisema kwa sauti kubwa. Wenzangu wa jumuiya kanisani sijawaambia, na baba wa watoto wangu ameishi na mimi miaka yote hii hajui. Nakuambia wewe kwa sababu mtu anayesoma hamkatizi mwenzake, na mimi nikikatizwa kwenye hili najua sitaendelea tena. Mwezi uliopita tumemzika Fundi Mshamu. Nasema tumemzika, lakini mimi ni mwanamke, tena Mkristo, makaburini sikufika. Nilikaa ndani pale kwake Kariakoo, kwenye mkeka, nimejitanda khanga kama wenzangu, tunasikiliza wanaume wanatoka na jeneza, sauti zao zinapungua taratibu mpaka zikamezwa na honi za barabarani. Kina mama wakaanza kumsifu marehemu. Mtu wa swala. Mtu mpole, hajawahi kugombana na jirani. Fundi wa redio hodari, akiishika redio yako umeagana na ubovu. Hakuna hata mmoja aliyetamka neno gita. Nikawa naangalia kahawa yangu inapoa, nasema moyoni, jamani, huyu mnayemzika ni nusu tu.

Ndipo Zuhura akaja kukaa pembeni yangu. Zuhura ni mwanae wa mwisho, mwaka ninaotaka kukusimulia alikuwa bado anabebwa mgongoni. Macho yamemvimba. Akaniinamia sikioni, "Anti Vero, baba kuna Jumapili moja alikuwa haachi kuisimulia. Anasema alipiga gita ukumbi mzima ukasimama. Anasema wewe ulikuwepo. Sisi tulikuwa tunamwitikia tu, unajua tena mtu mzima akirudia maneno. Ilikuwaje?" Nikasema, "Nitakusimulia, mama. Siyo leo." Akanishika mkono, akasema asante, kama mtu aliyeahidiwa zawadi. Nilitoka pale nikatembea mpaka Msimbazi bila kujua naelekea wapi.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mchana kutwa nilikuwa nafanya kazi kwa Fundi, jioni nasoma masomo ya jioni kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto. Karakana yake ilikuwa ghorofa ya kwanza, chumba cha nyuma, unapanda ngazi zenye giza, unapita mafundi cherehani wawili, halafu mlango wa bluu. Ndani kulikuwa na meza moja ndefu imejaa matundu ya kuungua, maredio yaliyofunguliwa matumbo, harufu ya risasi ya kuchomelea, na dirisha moja linaloangalia chini barabarani ambako jamaa wa spika ya mkononi alikuwa anaimba bei za mashuka kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Ukutani picha moja tu: vijana saba wenye suruali pana, wa pili kutoka kushoto ni Fundi, na gita limemkaa kifuani kama mtoto. Alikuwa mpiga solo wa bendi ya dansi, huyo. Bendi ilivunjika, ikaundwa nyingine bila yeye, akarudi kwenye kutengeneza redio. Hilo alinieleza mara moja tu, na hakuweka neno la kulalamika. Mimi aliniajiri nifagie na niandike majina ya wateja kwenye vifaa vyao, maana mwandiko wake mwenyewe ulikuwa kama kuku amepita kwenye wino.

Mwaka ule ndio viboksi vya efekti vilianza kuingia Kariakoo kwa wingi. Nikueleze, kama hukijui. Ni kiboksi cha chuma, bapa, kina vitufe vya kukanyaga kwa mguu. Mpiga gita anachomeka gita lake upande mmoja, upande wa pili anatoa waya wa kwenda kwenye vyombo, na katikati pale kiboksi kinamtengenezea sauti. Kinaweka eko, kinaweka ukali, na kikubwa zaidi, kinaiga amplifaya. Yaani zile amplifaya nzito za zamani za kubebwa na watu wawili, kiboksi kinazo ndani kumi, ishirini, za kuigiza. Makanisa yote yalikuwa yanavitaka, bendi zote zinavitaka. Fundi naye alikuwa anaviuza, na vyote vilikuwa vinarudi kwake. "Fundi, umetuuzia nyuki hapa!" Mwalimu wa kwaya moja alipanda ngazi zile akiwa ameshabadilika rangi. "Tumsifu Yesu Kristo," nikamsalimia. "Milele na milele, amina, lakini hili gita linalia kama nyuki kwenye debe, padre ametuambia tuzime!" Fundi alikuwa anafungua kiboksi, anachungulia waya, anabadilisha jeki, anafunga. Nyuki wako palepale.

Vilikuja na vitabu vyake vya maelekezo na hakuna aliyekuwa anavisoma, vilikuwa vinafungiwa karanga. Mimi nikachukua kimoja nikaenda nacho darasani. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mtu wa mzaha, akasema basi leo tunaacha habari za mfalme na malkia, tunasoma hiki. Tukakaa, mpishi wa hotelini, dereva wa lori, dada wawili wa kazi za ndani na mimi, tunapekua kamusi neno kwa neno. Dereva kila sentensi alikuwa anasema, "Hapa wanasema usikitumbukize kwenye maji," na kila mara alikuwa amekosea. Ukurasa wa kumi na kitu tukakuta swali ambalo kiboksi kinamuuliza mtu, na hakuna Dar nzima aliyekuwa amelijibu: sauti yako unaipeleka wapi, kwenye amplifaya ya gita au kwenye mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti za vyombo vyote? Huko vinakotengenezwa kila mpiga gita ana amplifaya yake jukwaani. Sisi huku nani alikuwa nayo? Gita, kinanda, mwimbaji, mchungaji, wote tunaingia kwenye mikisa moja. Na kiboksi kikitoka kiwandani kimeshajijibu chenyewe kwamba ni amplifaya. Ndio hao nyuki.

Kesho yake asubuhi mwalimu wa kwaya yupo, kaka mwingine mpiga gita yupo, nikasema, "Fundi, naomba nijaribu kitu." Nikabana vitufe viwili pamoja, nikasogeza jibu kwenye mikisa, nikahifadhi. "Piga sasa, kaka." Akapiga. Mwanangu, sauti ilitoka ya mviringo, ya moto, kama mtu aliyekuwa anaongea na leso mdomoni ameitoa. Mwalimu wa kwaya alipiga makofi, akasema "Aleluya" hapohapo mbele ya Fundi Mwislamu. Mimi nikamgeukia Fundi nione furaha yake. Alikuwa ananiangalia mimi, hakiangalii kiboksi. Uso wake ulikuwa vilevile. Kisha akatuangalia mmoja mmoja tunavyocheka, ndipo na yeye akacheka. Alichelewa kidogo, kama mtu anayesubiri kutafsiriwa. Nililiona lile, nikaliacha lipite.

Tangu siku hiyo nikawa fundi wa viboksi. Watu wakaanza kusema nenda kwa Mshamu, kuna binti wa Masasi anavijua hivyo vidude. Fundi alifurahi, akawa ananitania, "Nyie watu wa korosho mna siri nyingi." Tulikuwa tunakula wote saa saba, mama lishe anapandisha wali maharage na kipande cha samaki, Fundi ananimegea upande wa kichwa kwa sababu anajua naupenda. Na katika kula huko ndiko nilikojua. Mbu wa mchana wa Kariakoo unawafahamu. Mmoja alikuwa anamzunguka Fundi sikioni, mimi nilikuwa ng'ambo ya meza namsikia kabisa jinsi anavyolia. Fundi anakula tu. Mbu akaingia kabisa kwenye sikio, akatoka, akarudi. Akatua, akauma, ndipo Fundi akajipiga kofi. "Hawa wa siku hizi hata hawalii," akasema. Kijiko changu kikabaki njiani. Nikakumbuka wateja waliokuwa wanarudi wakisema sauti alizowapangia Fundi zinatoboa masikio, na yeye anawajibu nyie ndio mmezoea ngoma za harusi. Hakuwa anazisikia zile sauti za juu. Kila akipanga sauti alikuwa anaongeza za juu na kuongeza, anatafuta kitu ambacho kwake hakipo tena.

Nilisali rozari siku tatu kabla ya kumwambia. Na nilipomwambia sikumwambia vizuri, nilisema, "Fundi, shikamoo, masikio yako yanaumwa?" Alikuwa anachomelea. Akaweka chuma chini, akaenda akafunga mlango. Akasema, "Marahaba. Umejuaje?" Nikamwambia habari ya mbu. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu yakaendelea kutoka kicheko kimekwisha. Daktari alikuwa amemwambia yataondoka yote, yanaanzia juu yanashuka, hakuna dawa. Mkewe hajui. Wateja wakijua, nani atampelekea gita kiziwi? "Vero mwanangu," akasema, "nisitiri." Ni neno hilo. Kama angeniambia nisaidie, labda ningekuwa na la kufikiria. Mtu akikuomba umsitiri, unafanyaje?

Tukatengeneza utaratibu wetu. Mteja akiwepo, Fundi anakaa na kiboksi, anabonyeza vitufe kwa mbwembwe, anafumba macho, anatikisa kichwa. Mimi nasimama nyuma ya mteja na kitambaa cha vumbi, nafuta rafu. Nikifuta kwenda kushoto, punguza za juu. Nikifuta kwenda kulia, ongeza. Nikikunja kitambaa, acha hapohapo. Rafu ile ilikuwa safi kuliko altare. Mteja anasikia sauti inakaa sawa, anasema, "Fundi una masikio wewe!" Na Fundi anasema, "Alhamdulillahi," bila kunitazama. Wengine walikuwa wananicheka mimi: "Huyu binti na vumbi ana ugomvi gani?" Ulipofika mwezi wa Ramadhani nikaacha kula wali wangu pale ndani, nikawa nakula kwenye ngazi kwa mafundi cherehani, na siku moja moja kabla sijaenda darasani alikuwa ananifungia kaimati kwenye gazeti, anasema mkewe ameniletea. Nakuambia haya ili ujue kwamba furaha ilikuwepo. Nikiisimulia hadithi hii kichwani huwa naanza na Jumapili ile, na si haki. Kulikuwa na miezi mingi mizuri kabla.

Kisha akaja Mzee Tamimu. Alikuwa mwimbaji wa ile bendi ya kwenye picha, wa kwanza kushoto, sasa na kitambi na kofia ya mchoro. Wanataka kuwakusanya wakongwe, akasema, Jumapili mchana, ukumbi uleule wa zamani, wapige nyimbo za zamani, watu waje na wake zao. "Na wewe Mshamu tunakutaka, wimbo mmoja." Fundi alimwangalia midomo wakati anaongea, kama alivyokuwa ameanza kufanya kwa watu wote. Akauliza, "Na solo?" Tamimu akasema, "Na solo, ndugu yangu, nani mwingine?" Wakakumbatiana. Mimi nikamsindikiza mgeni na ufunguo wa choo cha chini, na nikiwa nimesimama kwenye kona ya ngazi nikamsikia anamwambia mwenzake aliyekuwa anamsubiri: "Masikio ya Mshamu yamekwisha, kila mtu anajua. Tumpe mmoja wa huruma, akiharibu kijana wa kinanda atamfunika." Mwenzake akasema, "Asije akatuaibisha tu." Kumbe siri yetu na kitambaa chetu, walikuwa wanajua siku nyingi. Nilirudi juu nikakuta Fundi amelitoa gita lake kwenye mfuko, anafuta nyuzi. Akasema, "Vero, kabla sijafunga kabisa, nataka nisikike mara moja. Mara moja tu, na wale wale." Sikumwambia nilichosikia. Nikasema, "Utasikika, Fundi." Nilimwahidi, ndiyo. Mimi.

Wiki tatu tulifanya kazi ya sauti ile. Alikuwa na amplifaya zamani, iliungua kwenye safari ya mikoani, na sauti yake ndiyo aliyoitaka. Mimi sijawahi kuisikia, na yeye hawezi tena kuisikia, na kiboksi kina amplifaya za kuigiza ishirini na mbili. Basi ananieleza kwa maneno. "Iwe na utamu, lakini isiwe sukari. Iwe kama sauti ya mwanamke aliyeamka sasa hivi." Nikamwambia Fundi, mimi naimba sauti ya kwanza kwaya, maneno hayo sina. Akacheka. Akawa anaimba solo kwa mdomo, polepole, na mimi natafuta kwenye kiboksi kinachofanana na mdomo wake. Nikipata navaa hedifoni, yeye anapiga, mimi naandika kwenye daftari la masomo: amplifaya ya saba, ukali mbili, za juu nne, eko fupi. Siku tuliyoipata alijua kwa kuniangalia. Nilikuwa nimevaa hedifoni nimeegemea ukuta, sijui uso wangu ulikuwaje. Aliacha kupiga akasema, "Ndio hiyo." Nikasema ndio hiyo. Tukaihifadhi kwenye namba moja, jibu kwenye mikisa, nikaangalia mara mbili.

Jumamosi, siku moja kabla, akaja kaka mmoja na amplifaya ya gita ya kweli, ameletewa na ndugu yake kutoka nje, anataka kujaribu viboksi kabla hajanunua. Fundi alikuwa ameenda kuswali adhuhuri. Kiboksi cha kumwonyesha kilichokuwa karibu ni kile cha Fundi mwenyewe. Nikakichomeka kwenye amplifaya ya yule kaka, nikageuza jibu liwe amplifaya, nikasema ona, hivi ndivyo kilivyo. Akafurahi, akaniuliza maswali mengi, nami nikajibu yote, najisikia mwalimu. Sitakuficha, nilijisikia. Nikachomoa, nikakifuta, nikakirudisha kwenye mfuko wa Fundi. Na kiboksi kile ukigeuza jibu kinalishika hata ukikizima. Kitu ambacho mwaka mzima nilikuwa nawarekebishia watu wengine, ambacho kilinipa jina Kariakoo nzima, ndicho nilichosahau kurudisha.

Jumapili nilisali misa ya kwanza, nikawaomba ruhusa kwaya mazoezi ya mchana, nikasema nina mgonjwa. Ukumbini tulifika saa nane na umeme hamna. Kila mtu anaulizana jenereta liko wapi. Lilipowashwa watu walikuwa wameshakaa, kina mama na vitenge vyao, wazee na viatu vinang'aa, na hakuna aliyejaribu chombo hata kimoja. Fundi alikuwa amevaa shati la kijani lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Tulikuwa tumekubaliana: mimi nikae mstari wa mbele na kitambaa, yeye aniangalie. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba akipiga anafumba macho. Wimbo wake ukatangazwa, Tamimu akasema maneno mazuri juu yake, watu wakapiga makofi, Fundi akachomeka, akafumba macho, akagusa uzi wa kwanza.

Nyuki. Ukumbi mzima ulikunja uso kwa pamoja. Mama mmoja pembeni yangu aliziba masikio akasema, "Yesu wangu, nini hicho?" Na jamaa wa mikisa, kule upande wa pili wa ukumbi, nilimwona kwa macho yangu anapeleka kidole, anaivuta sauti ya Fundi chini mpaka mwisho. Kimya. Ngoma zinaendelea, bezi inaendelea, kijana wa kinanda anacheka na kuanza kuziba pengo. Na Fundi anapiga. Hakusikia nyuki na hakusikia kimya. Katika ule mshindo wa jukwaa alikuwa anazisikia nyuzi kwa tumbo na kifua, anatabasamu, vidole vinatembea, na hakitoki kitu. Nyuma yangu wanaume wawili wakaanza kucheka. "Huyu anapigia malaika." "Mwache mzee, anakuna upele." Nikapanda jukwaani na sketi yangu ya kanisani nikapiga magoti miguuni pake. Nikatoa hedifoni mkobani nikazichomeka kwenye kiboksi nisikie kasoro iko wapi. Nikasikia nyuki, nikajua palepale ni mimi. Nikabana vitufe viwili, nikarudisha jibu kwenye mikisa. Nyuki wakatoweka, na Fundi akaingia masikioni mwangu.

Nilimpungia jamaa wa mikisa, pandisha, pandisha! Akanitikisia kidole, hapana. Nikapunga tena kwa mikono miwili. Akageuka akaongea na mtu. Kutoka pale nilipokuwa mpaka kwake ni kama hatua ishirini, kukatiza katikati ya watu wanaocheza. Ningeshuka ningemfikia. Ningemshika mkono, ningemlilia. Nimeshuka jukwaa lile mara elfu kichwani. Lakini ndio kwanza solo ilikuwa imeanza, na nikakaa. Moyoni huwa najiambia nilishindwa kufika, na ukweli ni kwamba nilikaa nikasikiliza. Sijui nikuelezeje alichopiga. Alianza chini kabisa, kama mtu anayeuliza hodi nyumba ambayo hana uhakika kama wenyewe bado wanaishi. Halafu akapanda, na kule juu, kwenye sauti ambazo yeye mwenyewe hakuwa nazo tena, alikuwa anakanyaga bila kukosea hata moja. Hakuwa anazisikia. Alikuwa anazikumbuka. Nikiwa nimepiga magoti pale, watu wanacheka, nimezibana hedifoni masikioni kwa mikono yote miwili, nikawa nalia kama siku ya Ijumaa Kuu. Wimbo ukaisha. Watu wakapiga makofi ya heshima kwa mtu mzima, wengine wakasimama maana ndio ulikuwa muda wa mapumziko. Fundi akafungua macho akaona wamesimama.

Nyuma ya jukwaa Tamimu alimpiga mgongoni akapita. Fundi akanishika mabega. Jasho linamtiririka, hajawahi kuwa kijana vile. "Vero, walisikia?" Nikamjibu, "Mimi nimesikia, Fundi. Kila kitu." Akasema, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi," akakaa kwenye kreti ya soda akafunika uso. Jumamosi iliyofuata nikaenda kitubio. Nikamweleza padre yote, kiboksi, jibu, hatua ishirini, na neno nililosema. Nikamuuliza kama lile ni uongo. Padre akasogea karibu na wavu. Halafu akaniuliza, "Alipiga vizuri?" Nililia mpaka foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa. Akanipa malipizi, nikasali, na dhambi najua iliondoka. Kingine hakikuondoka.

Masikio yalimwishia kabisa kabla ya miaka miwili. Akafunga karakana, akawa mtu wa msikitini na barazani. Mimi nikamaliza masomo yangu, nikaolewa, nikahamia Kigamboni, nikawa navuka na kivuko Sikukuu za Idi kwenda kumsalimia. Kila mwaka alikuwa anaisimulia Jumapili ile, kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia, na kila mwaka ukumbi unaongezeka ukubwa. "Walisimama, Vero si walisimama?" Naitikia kwa kichwa. Huko kuitikia kwa kichwa sikukupeleka kitubio.

Wiki mbili zilizopita nilienda kwa Zuhura nikamsimulia kama nilivyokusimulia wewe. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasimama akasema, "Kwa hiyo mlikuwa mnamwacha tu. Miaka yote hiyo baba anachekesha watu, na wewe unamwitikia." Nikasema ndiyo. Akasema, "Anti, naomba uende." Nikaenda, na sikumlaumu. Siku ya tisa akanitumia ujumbe kwenye simu. Hakuna salamu. "Anti Vero, wewe ndiye pekee uliyesikia. Ukifa na wewe, je?"

Ndio maana nimeandika, na ndio maana nakuomba. Kama una mzazi, mjomba, jirani, yeyote aliyekuwa anaenda dansi za Jumapili mchana miaka ile, mpe hii asome, na kama macho hayasomi, msomee. Muulize kama anamkumbuka mzee mmoja wa shati la kijani, amefumba macho, vidole vinatembea na hakuna kinachotoka, na binti amepiga magoti miguuni pake. Pengine alicheka. Mwambie simlaumu. Mwambie kilikuwa kinatoka, na kilikuwa kizuri, anasema hivyo mbele za Mungu yule binti. Na yeye amwambie mwingine aliyekuwepo.